Nukta Nyekundu

Leo asubuhi, hapa Kitengela, watu wa serikali wamepaka alama ya X kwa geti letu, kwamba tuhame. Harufu ya rangi ile mbichi imenirudisha utotoni, darasani, Kajiado.

Mwalimu alikuwa amechora ramani ukutani. Katikati ya bahari akaweka nukta ya rangi nyekundu.

"Hiki ni kisiwa. Kuna joto na minazi, lakini wanaokitawala wako nchi nyingine, mbali sana. Siku moja waliamua watu wote watoke. Meli ikaja, wakapanda."

"Na ng'ombe zao?" nikauliza.

"Waliacha kila kitu."

Kengele ilipolia niliigusa ile nukta. Rangi ikanishika kidoleni.

Nyumbani nilimkuta baba akipaka mbuzi rangi nyekundu mgongoni. Kila mbuzi aliyepakwa alipelekwa soko na hakurudi tena. Nikaficha mkono.

"Unaficha nini?"

Nikamwonyesha kidole. Nikamwambia yote, nikilia.

"Baba, meli inaweza kufika hapa?"

Alicheka kidogo, akachovya brashi tena.

"Hapa hakuna bahari, mtoto wangu."