Bampa Lililobambuka Rangi

Nilikuwa mwanamke pekee katika gereji moja ya Ngara, fundi wa rangi. Siku hiyo nilikuwa nimeosha bampa la plastiki kwa sabuni, nikalipiga msasa, na nilitaka kulipaka praima ya plastiki, maana bila hiyo rangi haishiki. Mwenye gereji akanipokonya mkebe mbele ya mafundi wenzangu.

"Wachana na hiyo. Mteja anangoja."

Nikapiga rangi hivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili mteja, mama mmoja wa Parklands, alirudi. Rangi ilikuwa inabambuka kama ganda la kitunguu. Mwenye gereji akaninyooshea kidole.

"Mnaona? Wanawake hawawezi hii kazi."

Nikabandua rangi kwa ukucha, plastiki nyeusi ikaonekana.

"Hapa hakuna praima, mama. Nilitaka kuipaka, huyu akanikataza."

Mama akawageukia mafundi. "Ni kweli?"

Nilifutwa kazi papo hapo. Mwenye gereji nilimjua tabia yake. Lakini wale niliokula nao githeri kwa miaka mitatu, walipoulizwa ukweli, waliinamia magari yao, na hao bado sijawasamehe.