Karatasi Chini ya Mashine

Mpiga chapa wa Karatina huanza kila ukurasa kwa kushusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni akakumbuka kwamba kuna mwingine. Vidole vyake vina buluu ya kaboni hata Jumapili kanisani. Hakuulizi hadithi yako inahusu nini. Hupiga tu, na kila afikapo mwisho wa mstari huishika mashine yake ya taipu ubavuni isiyumbe, ingawa mguu mmoja wa mashine umetiliwa chini karatasi iliyokunjwa mara nne. Warigia alikuwa amekaa naye asubuhi nzima, akimfunulia kurasa za daftari moja baada ya nyingine, mpaka hadithi ikaisha na ikabaki fomu ya shindano la waandishi wanawake.

“Jina?”

“Andika Gicheru, jina la mzee wangu. Sanduku la posta ni lake.”

Vidole vikasimama. Mama yule mpiga chapa akainama, akaichomoa ile karatasi chini ya mashine, akamkabidhi Warigia bila kumtazama. Ilikuwa barua ya mwaka wa sitini na nane. Bwana Ngatia, ilisema, hadithi yako imetupendeza kuliko zote, ila tunasikitika kwamba shindano hili ni la wanawake peke yao.

“Ngatia ni nani?”

“Ni mzee wangu. Hajui kusoma.”

Akaikunja tena mara nne, akairudisha chini ya mguu wa mashine, akashusha pumzi.

“Haya. Jina lako.”