Pistoni Iko Jikoni Kwangu

Msomaji wetu huyu wa Kyela ameomba tumfichie jina, nasi tumelificha. Yaliyobaki ni maneno yake mwenyewe.

Dada wa ukurasa na wasomaji wote, nawasalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nina mume na watoto watatu, naishi kwa wakwe zangu huku Kyela. Naandika nikiwa nimechoka na nina hasira, nikikosea mnisamehe.

Tangu wanunuzi binafsi wa kokoa waruhusiwe, mume wangu, nitamwita Baba Subi, anazunguka Makwale na pikipiki kukusanya kokoa za wakulima na kuzileta mjini. Ni pikipiki ndogo ya silinda moja. Ukiipakia gunia moja inakwenda, ukiipakia mawili kwenye matope inalia tu. Baba yake, ambaye ni mkwe wangu, alikuwa fundi wa karakana ya serikali hadi walipopunguzwa kazi. Sasa ana gereji yake hapa hapa uani. Akasema, "Mwanangu, dawa ya hii ni pistoni kubwa." Ndugu yao akaileta kutoka Karonga, ng'ambo ya mpaka, na silinda ikapelekwa Mbeya ikachongwe iendane nayo.

Mimi nimekulia kwenye gereji. Baba yangu alikuwa fundi wa pikipiki, na mikono yangu imeosha vyuma kwa petroli kabla haijajua kusonga ugali. Siku silinda iliporudi, wakwe walikuwa kanisani. Nikaijaribu. Pistoni bila ringi, ukiipaka oili, inatakiwa iteremke yenyewe taratibu. Hii ilibidi niisukume kwa dole gumba. Injini ikipata moto pistoni inatanuka, na kama haina nafasi itang'ang'ania humo humo ndani pikipiki ikiwa mwendoni.

Sasa shida yangu ni hii. Kwetu Wanyakyusa, mke hasemi na baba mkwe wake. Akija njia hii mimi naingia migombani. Jina lake silitaji, na yeye hakanyagi jikoni kwangu. Wengi wameshaiacha mila hii, lakini nyumba hii wanaishika kweli kweli. Tangu niolewe, miaka kumi na moja, sijawahi kumwambia mzee yule hata neno moja.

Nikamwambia Baba Subi, "Mwambie baba silinda irudi Mbeya, iongezwe nafasi kidogo." Mnajua alikwenda kusema nini? Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Aliona aibu kusema kwamba ni maneno ya mkewe, akamuuliza tu baba yake, "Tata, una hakika itapita vizuri?" Mzee akacheka. "Gwe mtoto, mimi nafungua injini wewe hujazaliwa! Ikibana ndiyo nguvu yenyewe." Basi, ikaishia hapo. Nikamwendea mama mkwe, labda yeye atanifikishia. Akaniambia, "Mwanangu, wewe angalia mchele wako, mambo ya pistoni tuwaachie wenyewe."

Nikamsihi mume wangu angalau aizoeshe injini, aende polepole bila mzigo. Siku ya tatu akapakia magunia mawili. Kabla hajafika Ngonga pistoni ikang'ang'ania, tairi la nyuma likajifunga, akarushwa, akavunjika mkono. Nilipoitwa, nilimkuta amelala pembeni ya barabara, kokoa zimemwagika kwenye maji, watu wanaokota. Nililia kwa uchungu, lakini kwa hasira zaidi. Mzee akatangaza kwamba mtoto wake hakuweka oili. Na mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akainamisha kichwa akaitikia, "Ni kweli tata, nilisahau." Oili niliiweka mimi mwenyewe!

Sasa mkono umepona. Mzee ameagiza pistoni nyingine, kubwa kuliko ile, na silinda imechongwa tena. Nikasubiri waondoke, nikajaribu. Inabana vile vile. Nikamwambia Baba Subi, akanijibu, "Unataka nimwambie baba hajui kazi?" Nikamuuliza kama anataka watoto wake wabaki yatima kwa ajili ya heshima. Akachukua kofia akaondoka.

Ndipo nikafanya ninachokuja kuungama. Pistoni nimeiiba. Nimeizungushia kitambaa, nikaitia kwenye chungu changu kilichofinyangwa Ikombe, juu yake nikamwaga maharage. Nyumba nzima imepekuliwa, isipokuwa jikoni kwangu.

Nilidhani mzee atapiga kelele, na kelele nimezizoea. Hakupiga. Siku ya kwanza alimwaga masanduku yote ya spana. Siku ya pili nilimwona kupitia upenyo wa ukuta, amepiga magoti, anapapasa mchanga kwa viganja. Juzi nikamsikia akimwambia mama mkwe, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Niliiweka hapa kwa mikono yangu. Labda akili yangu inaondoka, mama." Tangu hapo gereji haijafunguliwa. Wateja wanakuja, anawaambia wamtafute fundi mwingine.

Wasomaji, nilitaka kumwokoa mume, sasa namzika baba yake akiwa hai. Nikiirudisha kimya kimya, wataifunga, na Baba Subi ataipanda pikipiki hiyo. Nikiendelea kuificha, wiki ijayo mume wangu anakwenda Karonga kutafuta nyingine, na mzee ataendelea kuamini kwamba amerukwa na akili. Njia iliyobaki ni kutoka na chungu changu, nisimame mbele yake, nimwambie, "Baba, akili yako ni nzima, pistoni nimeichukua mimi, na hii hapa inabana." Nikifanya hivyo, naweza kurudishwa kwetu bila watoto wangu.

Leo asubuhi amekuja hadi karibu na mlango wa jiko langu. Akasimama, akakohoa ili nijue yupo, kama adabu inavyotaka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimekumbatia chungu. Tukakaa hivyo, yeye nje, mimi ndani. Kisha akaondoka. Nishaurini jamani, akirudi nifungue?