Vikao Chini ya Miti ya Baba

Siku ya kikao cha kwanza chini ya miti tulikuwepo hawa: chifu na fimbo yake, wazee watano wa upande wetu, wazee watano wa upande ule, afande wa kambi na askari wake wawili, waliokaa juu ya lori bunduki zikiwa magotini, karani wa kamati ya amani, aliyeshika karatasi ya mahudhurio na kwa hiyo akasalimiwa kwa heshima kuliko sisi wote, mimi mwenye shamba, mdogo wangu wa kike, aliyepika chai, na mdogo wetu wa mwisho, ambaye hakuwa shuleni kwa sababu shule ilifungwa mpaka hali itulie. Alikuwepo pia mama mmoja wa upande ule, aliyeleta maziwa ya chai kwenye kibuyu. Huyo mama, karani hakumwandika. Alisema karatasi ina nafasi za washiriki peke yao.

Sitataja makabila. Redio nayo haikuyataja. Kila asubuhi ilisema "jamii mbili jirani", kana kwamba tulikuwa tumegombania ua. Wala hapakuwa na vita. Kulikuwa na sintofahamu. Ng'ombe walichukuliwa na sintofahamu, manyatta zikachomwa na sintofahamu, na barabara ya Gotu ikawa haipitiki mchana kwa sababu sintofahamu ilikuwa imejificha vichakani ikiwa na silaha.

Shamba letu liko upande wa Ngare Mara, katikati kabisa, mahali ambapo kila upande ukirusha risasi lazima ipite kwetu kwanza. Nusu yake ni vitunguu na sukuma, inayonyweshwa kwa mfereji. Nusu ya pili ni miti. Baba alikuwa kibarua wa misitu. Kila alikotumwa alirudi na mbegu ndani ya mfuko wa shati, akapanda mti mmoja wa kila aina ya nchi kavu, mpaka ikafika miti thelathini na mmoja iliyopangwa kwa mistari kama wanafunzi asubuhi. Kila mti ulikuwa na bati lililokatwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, likatobolewa kwa msumari: mstari wa juu jina la wataalamu, mstari wa chini jina la kwetu. Baba alipofariki, mama akaendelea. Mama alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule siku ya Alhamisi, na Ijumaa nikafungua mfereji. Vitunguu vilisomesha wadogo zangu. Miti haikusomesha mtu. Lakini ndiyo iliyobaki na mkono wa baba juu yake, na nilikuwa nimejiapia kwamba nitakabidhi miti thelathini na mmoja kama nilivyoipokea.

Basi serikali ikatuletea ulinzi. Kambi ilipigwa kwenye ukingo wa shamba, na kazi yake ya kwanza ya ulinzi ilikuwa kupika maharagwe. Maharagwe yanakula kuni. Wiki ya kwanza wakakata mti wa nne kutoka langoni, ambao mbegu yake baba aliibeba kutoka Marsabit. Bati lake likabaki limesimama kando ya kisiki, likitangaza jina la mtu ambaye hayupo.

Nilimwendea afande. Alikuwa mtu wa mbali, wa nchi ya mvua, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi.

"Afande, ule mti ulikuwa na jina."

"Dada, hata mimi niko na jina, na nimetumwa hapa kupigwa risasi."

Nikaenda kwa chifu. Yeye alikuwa ameshaandika barua ya kuruhusu kukatwa kwa miti isiyo na faida, kwa ajili ya kuni za kambi na miiba ya kuzungushia mazizi ya watu waliokimbia makwao.

"Hii miti ya baba yako inazaa nini?" akaniuliza.

"Inazaa miti, mzee."

"Si unaona? Haina faida."

Nilirudi nyumbani na hasira yangu, nikapalilia vitunguu mpaka ikapoa. Nilipofika mwisho wa tuta nikakumbuka jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa analijua. Kwetu, na kwao pia, mti ambao watu wameketi chini yake kutafuta amani haukatwi. Anayeukata amekata maneno yaliyosemwa pale, na maneno hayo yatamfuata yeye na mifugo yake. Afande hakujua hilo. Lakini waliokuwa wakishika panga kambini si afande, ni askari wa akiba, wazaliwa wa hapa hapa.

Vikao vya amani wakati huo vilifanyiwa ofisini kwa chifu, chini ya mabati, kwenye joto la kuoka mkate. Nikamwambia chifu kwamba naweza kutoa kivuli na chai. Alikubali kabla sijamaliza neno chai.

Ndipo tukakaa siku ile chini ya dadacha, mti mkubwa kuliko yote. Mzee mmoja wetu akafungua kwa dua, mzee mmoja wao akafunga kwa sala, na katikati kila upande ukaeleza kwa utulivu jinsi upande mwingine ulivyo wa wezi. Mama wa maziwa alikuwa amesimama kando ya bati.

"Hapa imeandikwa nini?" akamuuliza mdogo wangu.

"Juu ni jina la wataalamu. Chini, dadacha."

"Sisi tunamuita ewoi. Hiyo iko wapi?"

"Haiko, mama."

"Aa. Kumbe huyu naye karani alimsahau." Akacheka, akaenda kuosha kibuyu chake.

Jumatatu iliyofuata afande aliagiza dadacha ipunguzwe matawi. Askari wa akiba waliutazama ule mti, wakatazamana, wakamwambia panga ni butu. Akawaletea jiwe la kunolea. Wakasema jiwe nalo ni butu. Nilikuwa mferejini nikisikia kila neno, nikainamisha kichwa ili uso wangu usionekane.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa amani sana. Kikao kilipokaa chini ya mti mmoja kabla ya chai, nilikuja na mikeka nikasema jua limegeuka, tusogee. Baada ya chai tukawa chini ya mti wa pili, na kwa sala ya kufunga, mti wa tatu. Wazee si wajinga. Kufikia wiki ya tatu mmoja wa wazee wetu alifika, akaegemea fimbo, akaniuliza, "Haya binti, leo ni zamu ya nani?" Nikamwonyesha mti wa adhe, ule wa kukatia miswaki. Akawaambia wenzake wa upande ule, "Twendeni, huyu binti anatuchunga kama mbuzi." Na yule wa upande ule akajibu, "Afadhali yeye. Nyinyi mngekuwa mmeshatuiba." Walicheka pamoja, na nadhani hicho ndicho kilikuwa kipengele cha kwanza kukubaliwa.

Tukafika kwenye miche midogo. Sitasahau wazee kumi wenye vilemba na kofia wamechuchumaa juani kuzunguka mti unaofika magotini, wakizungumzia visima kwa uso mkavu. Afande alipita, akasimama.

"Wazee wangu, sasa hapa mmekaa chini ya nini?"

"Chini ya mti," mzee wetu akasema.

"Kivuli kiko wapi?"

Mzee akanyoosha mguu. "Kidole hiki kimoja kimepoa. Wengine wanangoja zamu."

Karani alifurahi kuliko wote. Kila mti ulimpa ukurasa mpya wa mahudhurio, na huko juu, tuliambiwa, kamati yetu ilisifiwa kwa juhudi.

Ikabaki mitano tu, ya mwisho kabisa kando ya mfereji. Na siku ile, bila mtu kutarajia, wazee wakapatana. Visima, malisho, ng'ombe wa kurudishwa, kila kitu. Karani akatoa karatasi ya kutia sahihi, akatafuta kalamu. Mzee mkubwa wa upande wetu akaangalia mfereji, akaniangalia mimi, halafu akamgeukia mwenzake.

"Tukimaliza leo, hatuna sababu ya kurudi hapa. Na ile mitano bado."

Mwenzake akafikiri. "Kweli. Si vizuri kumwachia mtoto yatima kazi nusu. Tutie sahihi Jumanne."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na kinywa, nacho hakikuwa na kazi nyingine isipokuwa kupuliza chai. Nilipuliza chai. Niliona ile mitano imesimama, nikamwona baba akitoboa bati, nikafikiri siku nne si kitu.

Jumapili alfajiri watu wa pande zote mbili walipigana. Walianzia barabarani, wakamalizia kwenye sukuma yetu. Kambi ilikuwa ya kwanza kuondoka. Tulielezwa baadaye kwamba ilihamishwa kwa sababu za kiusalama. Niliwafunga wadogo zangu mizigo ya nguo, tukatembea mpaka tukapata lori, tukaenda Kulamawe kwa shangazi. Mzee yule wa upande ule, aliyesema tutie sahihi Jumanne, alipigwa risasi ya paja akichunga mbuzi wake. Aliishi, lakini mpaka leo anatembea na magongo. Sijui kama karatasi ingezuia ile risasi. Nimeona karatasi nyingi ambazo hazijazuia chochote. Lakini hii ingekuwa na sahihi, na haikuwa nayo kwa sababu yangu.

Tulikaa kwa shangazi mwezi na siku kadhaa, kiangazi kikali. Shangazi aliniambia mara moja tu, "Miti imekwisha, mwanangu, shukuru mko hai." Nilishukuru. Kisha nikahesabu siku ambazo mche unaweza kukaa bila maji, nikaacha kuhesabu.

Tuliporudi, lango halikuwepo. Pampu yetu ndogo ya mfereji haikuwepo. Vitunguu vilikuwa vimeliwa na mbuzi wa jamii zote mbili jirani, ambao alama za kwato zao zilionyesha kwamba wao walikuwa wameishi kwa amani kamili. Kambi iliacha majivu na sufuria iliyotoboka. Nikaingia kwenye miti macho yakiwa chini, kwa sababu sikutaka kuona yote kwa mara moja.

Dadacha ilikuwepo. Adhe ilikuwepo. Mche wa kidole cha mzee ulikuwepo, na chini yake udongo ulikuwa mweusi. Nikaugusa. Ulikuwa na maji.

Kwenye ile mitano ya mwisho alikuwa amekaa mama wa maziwa, miguu ameinyoosha, mtungi wa plastiki wa njano kando yake.

"Habari, mama."

"Mmechelewa," akasema. "Mfereji ulikauka siku ya pili. Nimekuwa nateka huko mtoni."

"Peke yako?"

"Unaona mwingine?"

Nilikaa chini kando ya mtungi. Nikamuuliza nani aliizuia mitano hii kukatwa, maana haikuwa na kikao.

"Ilikuwa nacho. Watu wetu walikuja na panga kutafuta miiba ya zizi. Nikawaambia hapa kumekaliwa. Wakauliza nani alikaa. Nikasema mimi. Wakasema mtu mmoja si kikao." Akanywa maji kutoka kwenye mfuniko wa mtungi. "Nikawaambia nilikaa chini ya kila mmoja, nikajilaumu, nikajijibu, nikajisamehe, na sikuomba chai. Nyinyi mmekaa kumi kumi na mmepatana nini? Wakaondoka."

Nikamuuliza nimpe nini. Mbuzi hatukuwa nao tena, vitunguu ndio hivyo. Alikataa hata kunisikiliza. Akaonyesha bati kwa kidevu.

"Hapo chini pana nafasi. Andika majina yetu. Mimi sijui kusoma, lakini nataka mtoto wetu akipita asome."

Tulianza siku ile ile. Yeye akitamka, mimi nikitoboa kwa msumari wa baba. Dadacha ikapata ewoi. Adhe ikapata esekon. Kwa kila jina alikuwa na hadithi: mti huu mama yake alitumia gome lake, huu mbuzi wakiula maziwa yanachacha. Tulimaliza kumi na mmoja. Halafu nikamwambia tusimame kidogo, nipande vitunguu kwanza, ada ya shule inanijia. Akasema sawa, miti haihami.

Miti haikuhama. Yeye alihama. Mvua ilinyesha kaskazini na boma lao lote likafuata majani, na sijawahi kumwona tena. Amani ilitiwa sahihi baadaye, mjini, kwenye ukumbi wenye feni, na watu ambao wengi wao sikuwajua. Karani alikuwepo. Jina la yule mama halimo kwenye karatasi yoyote kati ya zile alizojaza. Nilimwomba anionyeshe zote, nikazisoma moja moja.

Wazee wa upande ule wamesikia habari ya mabati. Walikuja, yule wa magongo akiwa mbele, wakaniambia majina wanayajua wao pia. Wakaanza kunitajia, wakakosana kwenye mti wa tatu, na mmoja akapendekeza tuitishe kikao. Niliwapa chai, nikawaambia hapana, namngoja mama aliyeyaanza. Yule wa magongo peke yake hakunibishia. Alisema, "Mngoje mwenyewe. Mimi pia nilisema Jumanne."

Miti ni thelathini, ukiacha kile kisiki. Mabati kumi na tisa bado yana mstari mtupu chini. Nimeshayachora kwa mkaa mahali herufi zitakapokaa, na kila kiangazi nabeba maji kwa mtungi wake wa njano, alioniachia.