Kufuli la Elia kwenye pua ya ndege

Leo nimeliacha kufuli la mwanangu ndani ya ndege yake.

Elia alifariki kabla hajamaliza kuiunda. Ni ndege ya rimoti, ya injini ya petroli, na mabawa yake hayapiti mlangoni.

Rafiki yake Loti ameteremka kutoka Olmotonyi tuimalizie. Tukainyanyua kwa ncha za vidole kupima kama imekaa sawa, kila mtu bawa lake.

Mkia ukazama.

"Mzee, pua inataka uzito."

Tukasogeza betri mbele. Bado.

Nikaleta kufuli, tukalitia puani. Ndege ikatulia sawasawa.

"Hutalihitaji, mzee?"

Lilikuwa la chumba chake. Alikuwa akikifunga nisije nikaigusa ndege.

Nikamwambia Loti chumba siku hizi kinabaki wazi.

Ninyi mliomfahamu, mnadhani angenigombeza?