Debe la Mwanasha

Mimi na Mwanasha hatuelewani, na Jibondo nzima inajua. Kisa ni maji. Kisiwa chetu kikavu, maji huletwa kwa mashua, na foleni yetu pwani ni ya nyumba: kila nyumba ina nafasi yake, debe lake linakaa hapo hapo miaka nenda miaka rudi. Nyumba ikihama, wa nyuma anasogea. Mwanasha yuko mbele yangu, na huyo mwanamke akiteka, anateka mpaka ya kuoshea kuku! Tumetukanana tangu bendera ya uhuru inapandishwa, ujamaa ukatukuta tunatukanana.

Kisha mumewe, Abeid, fundi wa vyombo vya baharini, akapata kazi Kuweti, akamchukua. Nikasema alhamdulillahi, nimepumzika.

Baada ya miaka miwili wakaja likizo. Wakati huo duka la kijiji lina viberiti na muuzaji, basi. Mwanasha kashuka kanenepa, bangili mpaka kiwikoni! Ijumaa Abeid anarudi kazini, na kampa mkewe hiari: aende naye au abaki. Maana huko Kuweti Mwanasha alikuwa hapati usingizi kwa kulia.

Asubuhi tukamzunguka pwani, tunangoja mashua ya maji.

"Maji yanatoka ukutani," akatuambia. "Unazungusha tu. Nyama kila siku. Nje kunaungua, ndani baridi mpaka unajifunika blanketi."

"Mtume!" akasema Arafa, mke wa nahodha wa mashua. "Sasa unalilia nini, mwenzangu?"

"Jirani! Mlango kwa mlango, hata jina lake silijui. Siku moja nikamwaga maji machafu mlangoni pake makusudi, atoke anitukane japo kidogo. Katoka, katabasamu, kapiga deki mpaka mlangoni pangu!"

Wanawake wakashika vinywa. Mimi nikabetua midomo. "Basi rudi huko kwa wenye adabu zao. Sisi hapa tuna midomo."

Mwanasha alikuwa anaitazama foleni. Mbele ya debe langu palikuwa na debe kuukuu, kutu tupu, ndani limetiwa jiwe upepo usilichukue.

"Hili si langu?"

Nikajitia kutazama bahari. Arafa, ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akaninyooshea kidole, akasema, "Ni Chiku huyo. Mwenyekiti wa kijiji alimwambia asogee, nafasi ni mali ya umma. Akamkimbiza kwa upawa! Eti mwenyewe atarudi."

Niliona haya, jamani. Ningesema nini? Kwamba kila nikifika pwani nikikuta mbele yangu kimya, moyo ulikuwa unaniuma?

Mwanasha akaliinua debe, akalielekeza juani. Machozi yanamtiririka.

"Limetoboka!" akapiga kelele. "Miaka yote umenilindia nafasi kwa debe bovu? Huna haya wewe?"

"Ungeacha zima, ningetunza zima!"

Basi tukaanza. Mashua ikafika, watu wakateka wakaondoka, sisi bado. Abeid alitusikia toka nyumbani. Alifungua sanduku alilokwisha kulifunga, akatoa kanga za mkewe moja moja, akaziweka kitandani.

Ijumaa akaondoka peke yake. Mwanasha alimsindikiza, akafuta macho, akaja moja kwa moja kwenye foleni na debe jipya la Kuweti, kubwa mara mbili ya lile la zamani.

Mimi hilo sikubali, na nilimwambia hapo hapo.