Nafasi ya Nne na Ushuhuda wa Mama

Mwaka 2015 nilikuwa mrushaji wa timu ya softiboli ya chuo kimoja kidogo cha Randburg, na mpole sikuwa. Ligi yetu ya vyuo vidogo haikujulikana na mtu. Hata walinzi wa getini walidhani tunacheza kriketi. Lakini msimu ule tulipanda hadi nafasi ya nne, na timu nne za juu ndizo zingekwenda Durban kwenye mtoano. Nilikuwa mwaka wa mwisho. Nisipokwenda safari hii, basi tena.

Jumapili kabla ya mechi ya mwisho nilisimama kanisani kwetu Bertrams, mbele ya Wakongo wenzangu, nikaomba timu yetu iombewe. Waliitikia amina hadi madirisha yakatikisika. Jioni ile Mama, fundi cherehani ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wowote, akaniuliza hayo mambo ya nafasi yakoje. Nilifurahi ajabu. Redio ilikuwa ikiitaja Durban tena, wageni wamepigwa, maduka yao yamechomwa. Nikaizima ili anisikie vizuri. Nikapanga vikombe mezani. Sisi ndio hiki cha nne, nikamwambia, na hiki cha tano ndio tutakaocheza nao Jumamosi. Atakayeshinda ndiye anakwenda.

"Mukipigwa, hamuendi kabisa?"

"Hatuendi, Mama."

Akakisogeza kikombe cha tano mbele ya cha nne, akakitazama.

"Sawa. Nitakuja kukuangalia."

Akaja kweli, na kitenge chake cha sikukuu. Tuliongoza kwa pointi moja hadi zamu ya mwisho. Ndipo wapinzani wakajaza wakimbiaji kwenye vituo vyote, na mpigaji wao akaupeleka mpira wangu mpaka kwenye uzio. Wakimbiaji wawili wakafika kituo cha nyumbani, pointi mbili, mechi ikaisha.

Upande wetu watu wakaanza kukusanya vitu vyao. Halafu nikasikia vigelegele. Mama alikuwa amesimama juu ya benchi, anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka! Wenzangu wote wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze.

"Msimjali," nikawaambia. "Mchezo haujui. Anadhani tumeshinda."

"Eish, pole yake," akasema mdakaji wetu, akaenda kumkumbatia. Na mimi, mwenye hasira za karibu, nilishindwa kumweleza ukweli. Nilimwonea huruma. Nyumbani nikala ugali na sombe yake, kisamvu cha kwetu, nikaenda kulia chumbani.

Kesho yake kanisani, ulipofika wakati wa ushuhuda, Mama akapita mbele akashika maikrofoni.

"Bwana asifiwe! Mutoto wangu aliwaomba mumuombee ashinde. Mimi nilifunga, nikaomba apigwe. Kule Durban wanapiga wageni. Nikasema, Yesu, asipande ile basi. Na jana walikuwa wa nne, sasa wako wa tano! Merci Yesu!"

Kanisa lote, lile lile lililotuombea, likajibu amina.

Mama yangu mzazi! Kwa hiyo vile vigelegele havikuwa vya mtu asiyejua mchezo. Aliwahesabu wale wakimbiaji wawili mmoja mmoja, akajua wa pili akifika mimi siendi popote. Na nani aliyemfundisha? Mimi, kwa vikombe vyake mwenyewe. Hadi leo sijui kama nimewahi kushtuka hivyo tena maishani.

Alirudi akaketi kando yangu, akitazama mbele. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba.

"Umekasirika?"

"Sana, Mama. Sana."

Akauchukua mkono wangu, ule wa kurushia, akaubana mapajani mwake kwa nguvu hadi ukauma.

"Kasirika," akasema. "Kasirikia hapa, nikuone."